Kwa nini jina la Duda Amorim ni kubwa zaidi Győr kuliko nyumbani kwao Brazil?

Mwalimu wa Viwanjani (Morogoro)

Salaam kwenu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari, na miongoni mwa timu ninazozisimamia imo ya wasichana ya mpira wa mikono, ambayo hupigania nafasi ya kwenda UMISSETA, mashindano ya taifa ya shule za sekondari. Nimekuwa nikitafuta mchezaji mmoja mkubwa ambaye wanafunzi wangu wanaweza kumfuatilia kwa muda mrefu, wakajifunza kwake namna ya kusimama, kukaba na kurusha, na nimemchagua Mbrazil Eduarda Amorim, anayejulikana zaidi kwa jina la Duda. Kadiri ninavyozidi kusoma habari zake, ndivyo swali moja linavyozidi kunielemea.

Wasifu wake hauhitaji kupambwa. Alizaliwa mwaka 1986 mjini Blumenau, katika jimbo la Santa Catarina kusini mwa Brazil. Mwaka 2013 alikuwamo katika kikosi cha Brazil kilichotwaa ubingwa wa dunia wa wanawake mjini Belgrade, na yeye mwenyewe akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano. Mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa dunia katika tuzo za Shirikisho la Kimataifa la mchezo huu, yaani IHF. Akiwa na klabu ya Győr ya Hungaria, alibeba kombe la Ligi ya Mabingwa wa Ulaya mara tano: 2013, 2014, 2017, 2018 na 2019.

Pamoja na hayo yote, makala ndefu ninazozikuta juu yake, mahojiano na picha za video, nyingi zimetoka Hungaria na nchi jirani zake. Wabrazil ninaowasiliana nao mtandaoni, nikiwauliza juu ya wanamichezo wakubwa wa nchi yao, hunitajia Pelé, Senna, Marta na Neymar, kisha hunitajia wachezaji wa voliboli. Duda huwa simsikii mpaka nimtaje mimi, na wengine huniuliza ni nani.

Swali langu kwenu ni hili: umaarufu wa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa mikono kutoka Brazil unaishi wapi hasa, na kwa nini haurudi naye nyumbani? Naomba tusiishie kusema kwamba soka limemeza kila kitu. Voliboli inaishi katika nchi hiyo hiyo ya soka, na nyota wake wanajulikana mpaka na watoto.

Mwanafunzi wa Győr

Ndugu Mwalimu, nilibahatika kusoma Győr kwa ufadhili wa serikali ya Hungaria katika miaka ambayo Duda alikuwa bado anaichezea klabu ile, kwa hiyo naweza kueleza upande mmoja wa swali lako, upande wa kule alikopendwa.

Győr ni mji ulioko katikati ya njia ya kutoka Budapest kwenda Vienna, wenye wakazi wapatao 130,000. Una kiwanda kikubwa cha Audi, una chuo kikuu, na una timu ya wanawake ya mpira wa mikono, ambayo kwa wenyeji ndiyo fahari ya kwanza ya mji. Naomba wasomaji walioko nyumbani walizingatie hilo. Katika mji ule, ukisema unakwenda mechi bila kufafanua, wengi wataelewa kwamba unakwenda Audi Aréna kuwaona wanawake wakicheza. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 2014 na unaingiza watu kiasi cha 5,500, na katika mechi za Ulaya unajaa wazee waliovaa skafu za kijani, wazazi na watoto wao, na wafanyakazi waliotoka zamu. Mchezo ukiisha, wachezaji hawakimbilii vyumbani. Hupita kando ya kiwanja taratibu, na watoto huwanyoshea kalamu, mipira na mashati ili watiwe sahihi. Duda alikuwa akiinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto anayezungumza naye, jambo ambalo kwa mtu wa kimo chake, mita 1.86, si dogo.

Alifika pale mwaka 2009, baada ya kuchezea Kometal ya Skopje, na akaondoka mwaka 2021 alipohamia Rostov-Don ya Urusi. Miaka 12 katika klabu moja ni umri mzima wa mchezaji. Mtoto aliyepelekwa ukumbini na babake akiwa na miaka 6 alimwona Duda wiki baada ya wiki mpaka akatimiza miaka 18. Katika kipindi hicho mechi zao zilikuwa zikionyeshwa kwenye televisheni, magazeti yakiandika juu ya goti la huyu na bega la yule, na watu wakibishana sokoni kuhusu mchezaji gani aanze. Hicho ndicho kinachozaa umaarufu wa kudumu. Haukuzaliwa na kombe moja, hata liwe la dunia.

Tena pale hakuwa peke yake kwenye mwanga. Klabu ile ilikuwa na Anita Görbicz, Mhungaria ambaye alikwisha kuwa mchezaji bora wa dunia mwaka 2005 na ambaye mji mzima ulimchukulia kama binti yao. Walipita wachezaji wakubwa wa Norway na Uholanzi, akina Heidi Løke, Nycke Groot na Stine Oftedal. Kwa Mbrazil kupata nafasi katika mioyo ya watu kati ya majina hayo, ilimbidi awe na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho, na kitu hicho kilikuwa ulinzi. Nitaeleza, kwa kuwa Mwalimu ana wanafunzi wa kufundisha.

Timu inapolinda, wachezaji sita hujipanga kwenye mstari wa mita 6 mbele ya goli lao. Duda alisimama katikati ya mstari huo. Mshambuliaji wa upande wa pili alipopokea mpira na kuinua mkono ili arushe, Duda alikuwa amekwisha kumfikia kwa hatua mbili, kifua kimemkabili, mkono wake mmoja uko kwenye mkono unaorusha na mwingine kiunoni mwa mpinzani. Mpira ulikwama hapo hapo. Mwamuzi alipuliza filimbi, wapinzani wakaanza upya, na safari hii wakiwa na wasiwasi. Ukumbi wa Győr ulilishangilia tendo hilo kama ulivyoshangilia bao, kwa sababu watazamaji wa pale wanaujua mchezo. Mgeni anayetazama kwa mara ya kwanza hungoja mabao, na Duda hatamwona vizuri.

Niongeze kwamba nafasi ya Mbrazil katika mji ule haikubaki tupu. Bruna de Paula, mzaliwa wa Minas Gerais, alijiunga na Győr mwaka 2023, na klabu ikatwaa tena Ligi ya Mabingwa mwaka 2024 na 2025. Watoto wa kizazi cha sasa wanamwimba yeye.

Mpwani wa Likoni (Mombasa)

Nimesoma maelezo ya ndugu yetu wa Győr kwa furaha, lakini sikubaliani na namna swali lenyewe lilivyowekwa. Mwalimu amesema umaarufu wa Duda haurudi nyumbani. Mimi naona upo nyumbani, ila umekaa mahali ambapo hautazamwi.

Brazil ni nchi ambamo mpira wa mikono unachezwa shuleni kwa wingi kupita kiasi wanachodhania watu wa nje. Ni sehemu ya masomo ya viungo karibu kila jimbo, kwa sababu unahitaji vitu vichache: uwanja mgumu wa mita 40 kwa 20, ambao kwa kawaida ni ule ule unaotumiwa kwa soka la ndani, magoli mawili na mpira mmoja. Mamilioni ya Wabrazil waliokwisha kuwa watu wazima waliwahi kurusha mpira huo wakiwa wanafunzi. Kusini, alikozaliwa Duda, kuna miji iliyojengwa na wahamiaji kutoka Ujerumani, na Blumenau ni mmojawapo. Mchezo huu una mizizi ya zamani huko. Dada yake, Ana Amorim, naye aliichezea timu ya taifa. Kwa watu wa mazingira hayo, walimu wa viungo, makocha wa mitaa na wasichana wa timu za shule, Duda ni mtu mkubwa sana.

Tatizo ni kwamba mchezo unaochezwa na wengi si lazima utazamwe na wengi. Mwanafunzi akimaliza shule anauacha mchezo pamoja na daftari zake, maana hakuna ligi ya nyumbani yenye nguvu ya kumvuta aendelee kuufuata. Vilabu vipo, na vingine kama Pinheiros na Taubaté vina historia ya heshima, lakini haviwezi kulipa mishahara ya Ulaya, na mchezaji mzuri huondoka akiwa kijana.

Hapo ndipo voliboli inapotofautiana, na hapo ndipo nadhani jibu la Mwalimu lilipo. Voliboli ya Brazil ina ligi yake ya taifa, Superliga, ambamo nyota wa taifa huonekana msimu mzima mbele ya watu wao. Ina pia medali za dhahabu za Olimpiki: wanaume 1992, 2004 na 2016, wanawake 2008 na 2012. Sisi Wakenya tunaijua sifa hiyo kwa karibu, kwani Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya wanawake ya voliboli, walipokwenda Olimpiki ya Tokyo walinolewa na Mbrazil, Luizomar de Moura. Mpira wa mikono wa Brazil haujawahi kupata medali yoyote ya Olimpiki, ya wanaume wala ya wanawake. Na kwa Mbrazil wa kawaida, ambaye hutazama michezo mingine mara moja kila baada ya miaka minne, medali hiyo ndiyo mlango wa kuingilia sebuleni kwake.

Wanawake wa mpira wa mikono walifika karibu. London 2012 waliongoza kundi lao, kisha wakakutana na Norway robo fainali wakafungwa 21 kwa 19, na Norway ndiyo iliyokuja kuchukua dhahabu. Rio 2016, nyumbani kabisa, walianza kwa kuifunga Norway hiyo hiyo 31 kwa 28, nchi ikaanza kuamka, kisha robo fainali Uholanzi ikawatoa 32 kwa 23. Nasema kwa uchungu, maana niliitazama mechi ile: kama kizazi kile kingepanda jukwaani Rio, hata medali ya shaba, leo tusingekuwa na mada hii.

Mchambuzi wa Dodoma

Nataka kuongeza jambo ambalo wachangiaji wawili wamelikaribia bila kulitamka. Mkakati ule ule ulioipa Brazil ubingwa wa dunia ndio uliowatoa wachezaji wake machoni pa Wabrazil.

Katika miaka iliyotangulia 2013, Shirikisho la mpira wa mikono la Brazil liliingia makubaliano na klabu ya Hypo Niederösterreich ya Austria, iliyoko karibu na Vienna, ili kundi kubwa la wachezaji wa timu ya taifa wacheze pamoja huko. Hoja ilikuwa na maana. Wachezaji waliotawanyika katika nchi mbalimbali hukutana siku chache kabla ya mashindano, na timu ya taifa ya mchezo huu hujengwa kwa mazoea: pivoti, yule anayekaa kati ya walinzi wa wapinzani, ajue pasi itatoka wapi kabla haijatoka, winga ajue ni lini akimbie. Hypo ikawa kambi ya kudumu ya Brazil barani Ulaya. Mwaka 2013 klabu ilitwaa Kombe la Washindi la Ulaya, na mwezi Desemba wa mwaka huo huo timu ya taifa, chini ya kocha Mdenmark Morten Soubak, ikaenda Serbia na kushinda kila mchezo. Duda hakuwa mmoja wa hao wa Hypo, kwa kuwa alikuwa tayari Győr, lakini naye alikuwa umbali wa safari fupi kutoka kwao, kwa sababu Győr na Vienna ni majirani.

Fainali ilichezwa tarehe 22 Desemba dhidi ya wenyeji, mbele ya watazamaji zaidi ya 19,000 waliokuwa wakiishangilia Serbia. Brazil ilishinda 22 kwa 20. Ilikuwa timu ya kwanza ya bara la Amerika kutwaa ubingwa huo, na ya pili kutoka nje ya Ulaya baada ya Korea Kusini mwaka 1995. Katika kikosi hicho alikuwamo nahodha Fabiana Diniz, aitwaye Dara. Alikuwamo Daniela Piedade, aliyepata kiharusi mwezi Septemba 2012 akiwa mchezaji wa klabu ya Slovenia, akapona na kurudi uwanjani. Alikuwamo pia Alexandra do Nascimento, mchezaji bora wa dunia wa 2012. Wanawake hawa walistahili kupokelewa kama walivyopokelewa wale wa voliboli.

Sasa itazame tarehe yenyewe. Ni siku tatu kabla ya Krismasi, na ni miezi sita kabla ya Kombe la Dunia la soka kuanza Brazil kwenyewe, wakati ambapo kila gazeti lilikuwa na habari za viwanja, maandamano na kikosi cha Scolari, kocha wa timu ya taifa ya soka. Mabingwa walifika, wakapongezwa, wakala sikukuu na familia zao, kisha wakarudi Austria, Hungaria na kwingineko kuendelea na msimu. Hapakuwa na mechi ya nyumbani wiki iliyofuata ambayo mtu aliyevutiwa na fainali angeweza kununua tiketi akawaone. Shauku iliyowashwa Belgrade ilikosa mahali pa kwenda.

Sisi Watanzania tunao mfano wa kulinganisha. Mbwana Samatta alipendwa Genk, akawa miongoni mwa wafungaji wakuu wa ligi ya Ubelgiji katika msimu ambao klabu yake ilitwaa ubingwa, 2018/19, na umaarufu huo ulifika Mbagala siku hiyo hiyo, kwa sababu huku nyumbani tayari kulikuwa na watu waliokuwa wakitazama soka kila wiki na waliojua uzito wa alichokifanya. Duda alifanya makubwa zaidi katika mchezo wake kuliko Samatta katika soka, lakini habari ilipofika kwao haikukuta watu waliozoea kuisubiri.

Kwa hiyo, Mwalimu, hata mimi sikubaliani na jibu la soka peke yake. Wabrazil walitazama fainali na kuipenda. Kilichokosekana ni kila kilichopaswa kufuata.

Mwalimu wa Viwanjani (Morogoro)

Nawashukuru sana. Hoja ya mkakati wa Austria sikuwa nimeifikiria kabisa, na inaeleza mambo mengi. Sasa naomba niulize upande mwingine wa jambo hili. Wanafunzi wangu, kabla sijawatajia Duda, walikuwa wamekwisha kumwona mchezaji mwingine wa Brazil kwenye simu za kaka zao: yule aliyembeba mpinzani wake wa Angola katika Olimpiki ya Paris. Hawakujua jina lake, lakini wote walilijua tendo. Je, huo nao tuuite umaarufu?

Golikipa Mstaafu (Unguja)

Mwanangu Mwalimu, swali hili nitalijibu mimi, kwa kuwa nimesimama golini miaka mingi na najua maana ya kuanguka mbele ya watu.

Mchezaji huyo anaitwa Tamires Morena, naye ni pivoti, yaani yule anayekaa katikati ya walinzi wa timu pinzani, mgongo kwa goli, akisukumwa na kuvutwa dakika zote 60. Aliyebebwa ni Albertina Kassoma wa Angola, ambaye naye ni pivoti. Ilikuwa tarehe 3 Agosti 2024, mchezo wa mwisho wa kundi, na kila timu ilikuwa bado inahitaji matokeo ili isonge mbele. Kassoma aliumia goti, akabaki chini akilia kwa maumivu. Tamires alikwenda, akaingiza mikono chini ya mgongo na magoti yake, akamwinua mzima mzima kama mtu anavyombeba mtoto aliyelala, akatembea naye mpaka nje ya mstari huku ukumbi mzima ukipiga makofi. Kisha akarudi kucheza. Brazil ilishinda 30 kwa 19.

Wengi walioiona picha ile hawajui matokeo hayo. Hawajui pia kwamba robo fainali Brazil ilifungwa na Norway 32 kwa 15. Siwalaumu. Walichokiona kilitosha, na kwa wasichana wa Angola, ambao ndio wakubwa wa mchezo huu barani kwetu na wanaozungumza lugha moja na Wabrazil, tendo lile lilikuwa na uzito wa pekee.

Je, ni umaarufu? Ni umaarufu, ila wa tendo, na tendo limemtangulia mwenyewe. Wanafunzi wako wanalijua tendo bila kulijua jina. Wa Duda uko kinyume chake: watu wa Győr wanamjua yeye mzima, uchezaji wake wa siku nzuri na wa siku mbaya. Lakini usiudharau ule wa Tamires, maana umefika mahali ambapo Ligi ya Mabingwa haijafika, ukafika mpaka shuleni kwako. Ukiwaambia wanafunzi jina lake na nafasi anayocheza, na ukawaonyesha jinsi pivoti anavyogeuka na kurusha akiwa ameshikwa na walinzi wawili, tayari umeupa umaarufu huo miguu ya kusimamia.

Na kwa heshima ya makipa, naomba uwataje pia wanawake wanaosimama golini. Barbara Arenhart, wanayemwita Babi, alichaguliwa golikipa bora wa mashindano yale ya 2013. Fainali ambayo wapinzani wanafunga mabao 20 tu, tena nyumbani kwao mbele ya umati ule, haishindwi na wafungaji peke yao.

Mpwani wa Likoni (Mombasa)

Bibi ameeleza vizuri, nami naafiki. Niongeze kuhusu Alexandra do Nascimento, kwa sababu kisa chake kinaitikia kile cha Duda. Mashindano ya dunia ya 2011 yalifanyika Brazil kwenyewe, katika jimbo la São Paulo ambako Alexandra alizaliwa. Alikuwa mfungaji bora wa mashindano yote kwa mabao 57. Hapa hapakuwa na umbali wa kulaumu: nyota alikuwa nyumbani, mbele ya watu wake, akiwafungia. Brazil ikatolewa robo fainali na Hispania kwa tofauti ya bao moja, ikamaliza ya tano, na mashindano yakaisha bila wenyeji katika nusu fainali.

Mwaka uliofuata akawa Mbrazil wa kwanza kuwa mchezaji bora wa dunia katika mchezo huu. Alikuwa winga wa kulia, nafasi ya kuruka kutoka pembeni kabisa ambako goli linaonekana kama ufa, na bado alifunga. Nawaza mara nyingi juu ya bao lile moja la Hispania na kile ambacho nusu fainali katika ukumbi wa Ibirapuera, jijini São Paulo, ingeweza kuanzisha.

Mchambuzi wa Dodoma

Mfano wa 2011 unanisaidia kunyoosha hoja yangu, nao unaonyesha kwamba kuwapo nyumbani kwa wiki mbili hakutoshi. Tunao sasa mfano mwingine unaoendelea, wa wanaume.

Mwezi Januari 2025 timu ya wanaume ya Brazil iliwafunga Norway 29 kwa 26 katika ardhi ya Norway, kisha ikawafunga Sweden 27 kwa 24, ikafika robo fainali ya mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake, ambako Denmark iliwasimamisha 33 kwa 21. Kwa siku hizo chache Wabrazil wengi waliokuwa hawajui kitu walijifunza majina ya wachezaji. Mmoja wao, Thiagus Petrus wa Juiz de Fora, alikuwa amekwisha kutwaa Ligi ya Mabingwa mara tatu na Barcelona, 2021, 2022 na 2024, na kama Duda sifa yake kubwa ni ulinzi. Alikuwa mmoja wa walinzi bora duniani kwa miaka kadhaa kabla ya wengi wa wananchi wenzake kumsikia.

Kinachofanana kati ya mwaka 2013 na 2025 ni kwamba ushindi ulikuja kwanza na watazamaji wakafuata. Kinachotofautiana ni njia za kutazama. Mwaka 2013 kijana wa Blumenau aliyetaka kumwona Duda akichezea Győr wiki iliyofuata alikuwa na kazi kubwa ya kupata picha. Leo kijana wa Juiz de Fora anaweza kufuatilia msimu wa klabu ya Ulaya kwenye simu yake, na wachezaji wenyewe huzungumza na mashabiki kwa Kireno bila kusubiri gazeti liwaandike. Hilo halichukui nafasi ya ligi ya nyumbani yenye tiketi na viti, wala halilipi mishahara, lakini linapunguza ule upweke wa kuwa bingwa wa dunia asiyejulikana mtaani kwao.

Kwa timu yako, Mwalimu, ningependekeza uwaonyeshe fainali ya 2013 nzima, wala usiwaonyeshe vipande vya mabao pekee. Waambie wamfuate Duda wakati Brazil haina mpira. Wahesabu ni mara ngapi Serbia inalazimika kuanza upya kwa sababu yake, na baada ya dakika 15 watakuwa wakimtafuta wenyewe.